Kabla ya kukariri misuli, shika kigasha chako

Wanaoniletea michoro yao huniuliza wakariri misuli mingapi. Huwa nawaambia waanze na mmoja: ule unaoanzia juu kidogo ya kiwiko, upande wa nje, ukashuka hadi karibu na kifundo cha mkono upande wa gumba. Kunja ngumi, gumba likae juu, kisha sukuma meza kwa chini kama unayetaka kuinyanyua. Utauona ukituna. Kwa kuwa unakivuka kiwiko, umbo la nje la mkono halikatiki pale kiungo kilipo. Wengi huusahau, ndiyo maana mikono mingi kwenye michoro huonekana kama mabomba mawili yaliyoungwa.

Sasa pitisha kidole kuanzia ncha ya kiwiko hadi kifundo, upande wa kidole cha mwisho. Utaupapasa mfupa njia nzima. Huku kuna misuli ya kukunja vidole, kule ya kuvinyoosha. Kwa mtu mwembamba mstari huo ni mwinuko. Kwa msukuma mkokoteni ni mfuo, maana nyama imejaa pande zote mbili na mfupa umebaki palepale. Ukigeuza kiganja kikatazama chini, mfupa huo hausogei sana. Ule wa upande wa gumba ndio unaoulalia kwa juu, na nyama huufuata. Chora kiganja kikiwa juu, kikiwa chini, halafu katikati. Taa iwe moja, itoke ubavuni.

Picha za watunisha misuli simshauri anayeanza. Kila kitu kimekazwa kwa pamoja, ilhali mtu anayenyanyua ndoo ana misuli inayofanya kazi na mingine iliyolegea. Mtazame msusi au kuli.

Ukitaka kuona yaliyo chini ya ngozi, tafuta picha za sanamu ya mtu aliyechunwa, aliyoitengeneza Mfaransa Jean-Antoine Houdon mjini Roma mwaka 1767 alipokuwa akijiandaa kuchonga Yohana Mbatizaji. Nakala zake za plasta zimefundishia wachoraji wengi.

Mguu nitauandikia siku nyingine, ila angalia hili kwenye kioo: shavu la mguu hushuka zaidi upande wa ndani kuliko wa nje, na vifundo ni kinyume chake, cha ndani kiko juu, cha nje kiko chini.