Uvimbe umetolewa, ila dawa za presha usiziache kama nilivyoziacha mimi

Mwezi wa nne baada ya operesheni presha yangu ilikuwa imetulia, pete iliyokuwa imegoma kupita kidoleni ikaanza kupita, uso nao umepungua, basi nikajiona nimepona nikaacha dawa za presha kimya kimya bila kumwambia dokta. Wiki tatu tu, nikipanda ngazi nahema kama nimekimbizwa, kupima presha iko juu kule kule ilikokuwa. Ndo maana naandika hii, kwa yeyote mwenye akromegali (ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi mwilini) aliyefanyiwa operesheni au anayeisubiri.

Wengi tunajua ugonjwa huu unakuza mikono, miguu, taya. Moyo tunausahau. Uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile ndogo kama njegere iliyo chini ya ubongo, unamwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi, ini nalo linatengeneza IGF-1 nyingi (homoni nyingine inayochochea ukuaji), na moyo nao unanenepa. Mimi niliambiwa tu "moyo mkubwa" nikadhani umetanuka kama puto, kumbe ni kuta zake zimekuwa nene na ngumu, kwa hiyo unasukuma damu vizuri tu lakini ukitaka kulegea ujaze damu nyingine haulegei sawasawa. Hapo ndo pumzi inakata. Ongeza presha, sukari, na kukoroma kule kwa kukatika pumzi usingizini, moyo unabeba mizigo minne kwa mpigo. Nilitibiwa presha miaka sita na hakuna aliyeniuliza mbona saizi ya viatu inapanda, na mimi sikusema maana sikujua vinahusiana. Nyie semeni, na mbebe picha zenu za zamani mkienda kumwona dokta, aone mlivyobadilika!

Kabla ya operesheni omba upimwe eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na ECG (kipimo cha umeme wa moyo), halafu mtu wa nusukaputi mwambie wazi kama unakoroma na kushtuka usiku, kwa sababu ulimi mkubwa na koo lililobanwa vinamfanya apate kazi kuingiza mpira wa hewa. Operesheni yenyewe kwa kawaida wanapitia puani, hawapasui kichwa. Ukiamka usipenge kamasi mpaka uruhusiwe, na yakitoka maji yasiyo na rangi puani yenye chumvi chumvi sema hapo hapo. Ukisharudi nyumbani, kichwa kikiuma sana na kichefuchefu na akili kuchanganyikiwa ndani ya wiki mbili za kwanza rudi hospitali haraka, inawezekana sodiamu imeshuka.

Sasa kupona kwa moyo. Homoni ya ukuaji inashuka ndani ya masaa, IGF-1 inachukua wiki kadhaa (yangu waliipima wiki ya 12), ila moyo wenyewe unahesabu miezi. Ukuta wangu ulikuwa milimita 14, baada ya mwaka ukawa 12, na kulegea kwake kukawa bora, dokta wa moyo alinionyesha kwenye skrini nikalia pale pale. Lakini vali yangu moja (mlango wa damu ndani ya moyo) iliyokuwa inavuja imebaki inavuja, maana vali zikishaharibika mara nyingi hazirudi hata homoni ikikaa sawa, na presha kwa wengine inashuka, kwa wengine inabaki, hasa kama ugonjwa umekaa miaka mingi au umri umeenda. Kijana aliyegundulika mapema moyo wake unarudi vizuri zaidi, ndo hivyo ilivyo na mimi inaniuma kwa ile miaka sita.

Na kama IGF-1 haijashuka, usikate tamaa ukajificha, kuna sindano za oktreotaidi au lanreotaidi, kuna vidonge vya kabagolini, na mionzi ipo. Moyo hauwezi kupumzika wakati homoni bado inamwagika.

Dawa ya presha ipunguzwe na dokta baada ya kuona vipimo, siyo wewe baada ya kujiangalia kwenye kioo. Nunua mashine ya kupimia, andika namba asubuhi na jioni. Mapigo yakirukaruka au ukizimia, usingoje tarehe ya kliniki. Mashine ya kupumulia usiku nayo usiirudishe mpaka upimwe usingizi upya, mimi yangu bado naivaa.

Saa hizi nina mwaka wa pili, kidonge cha presha kimebaki kimoja kutoka vitatu, eko nyingine ni mwezi ujao kwa ajili ya ile vali, na ngazi napanda hadi juu bila kusimama.