Umeteuliwa kwenye tume ya wanawake? Anza na kalenda ya bajeti

Dada uliyepokea juzi barua ya uteuzi kwenye tume ya hali ya wanawake ya mji au kaunti yako Marekani, hongera. Kabla hujaanza kupanga makubwa, itafute sheria ndogo iliyounda tume yako uisome mwanzo hadi mwisho. Huwa ni kurasa chache tu. Kwa kawaida utakuta kwamba tume inashauri tu. Haiajiri, haifukuzi, haitoi ruzuku, wala haiwezi kuiamuru idara yoyote kufanya lolote. Wanaoamua ni madiwani wa mji au wasimamizi wa kaunti, nanyi mnawashauri bila mshahara.

Wapo wanaolisoma hilo wakavunjika moyo, na ikifika mikutano miwili mitatu hawaonekani tena. Wengine, na ndio wengi, hulipuuza, wakaigeuza tume kuwa chama cha hisani: kukusanya nguo, kumtafutia mama fulani makazi, kuandaa chakula cha mchana cha kuwatunuku wanawake mashuhuri. Ni kazi njema. Ila yapo mashirika yanayoifanya vizuri kuliko nyinyi, yana wafanyakazi na yana fedha. Kitu mlicho nacho nyinyi ambacho wao hawana ni kiti ndani ya serikali. Mkimwita mkuu wa idara aje kueleza jambo, ni vigumu kwake kukataa, na akija atajibu mbele ya watu na majibu yake yataandikwa. Mkituma shauri, linaingia kwenye kumbukumbu. Kwa miaka niliyokaa kwenye kazi hii nimebaki na imani moja: shauri lina thamani iwapo tu limemfikia anayeamua kabla hajaamua.

Ndiyo maana naanza na kalenda. Kwa kaunti na miji mingi ya Marekani mwaka wa fedha huanza Julai 1. Sehemu nyingine huanza Januari au Oktoba, kwa hiyo uliza kwenu. Kama ni Julai, bajeti hupitishwa Juni, na wananchi huitwa kutoa maoni Mei au Juni. Mjumbe mpya huona tangazo la kikao cha Mei, akaamini huo ndio wakati wa kusema. La. Ikifika Mei idara zilishawasilisha maombi yao tangu majira ya baridi, ofisi ya fedha imeshayapunguza, na kitabu cha bajeti kimeshachapishwa. Kinachobaki hapo ni kubishania makombo. Anayetaka kituo cha kuwahifadhi wanawake wanaokimbia vipigo kiongezewe vitanda anatakiwa awe ameketi na mkuu wa idara ya huduma za jamii Oktoba au Novemba, wakati mkuu huyo mwenyewe bado anaandika ombi lake. Mara nyingi utamkuta anakitaka kitu hichohicho, ila hana mtu wa nje wa kumuunga mkono. Barua ya tume iliyoambatanishwa na ombi lake ina uzito kuliko hotuba kumi za Mei.

Kwa hiyo chukua kalenda, weka alama siku bajeti inapopitishwa, kisha rudi nyuma mwezi kwa mwezi: lini kitabu kinachapishwa, lini idara zinawasilisha, lini maelekezo yanatoka ofisi ya fedha. Mpango wa kazi wa tume uufuate mstari huo. Tume nyingi hupanga mwaka wao kwa kufuata sikukuu.

Na hapa lazima niseme kuhusu Machi. Ndio mwezi wa historia ya wanawake, na una asili inayopaswa kutupa fahari: mwaka 1978 kikosi cha elimu cha tume ya hali ya wanawake ya kaunti ya Sonoma, California, kilianzisha wiki ya historia ya wanawake. Mwaka 1980 Rais Jimmy Carter akaitangaza wiki hiyo kitaifa, na 1987 Bunge la Marekani likaifanya kuwa mwezi mzima. Yaani tume ya kaunti, ya aina hii yetu, ndiyo iliyouanzisha. Bahati mbaya, sherehe hizohizo sasa zinazimeza tume nyingine. Tangu Novemba wajumbe wanajadili ukumbi na vyeti, na msimu wa bajeti unawapita. Kama ni lazima mfanye sherehe, wapeni wajumbe wawili wanaoipenda kazi hiyo, nyinyi wengine mwendelee.

Sasa shauri lenyewe. Likae kwenye ukurasa mmoja, liombe jambo moja, na limtaje anayeweza kulifanya. "Tunahimiza kaunti kujali zaidi usalama wa wanawake" ni sentensi ambayo kila diwani ataiunga mkono na hakuna atakayeitekeleza. Linganisha na hii: "Tunashauri idara ya usafiri iruhusu madereva wa mabasi ya usiku kumshusha abiria kati ya vituo anapoomba, na itoe taarifa baada ya miezi sita." Hapo kuna mtu wa kuulizwa na kuna tarehe ya kumuuliza. Ongeza makadirio ya gharama hata kama ni ya juu juu, kwa sababu swali la kwanza la diwani litakuwa hilo, na asipopata jibu kwako ataliuliza kwa mtu asiyelipenda wazo lako.

Msidhani mambo ya wanawake yamo kwenye idara ya ustawi wa jamii peke yake. Marekani ilitia saini mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1980, na mpaka leo Seneti haijauridhia. San Francisco haikungoja. Mwaka 1998 ulikuwa mji wa kwanza nchini humo kuzifanya kanuni za mkataba huo kuwa sheria yake, na tume ya wanawake ya mji ikapewa kazi ya kuzipitia idara moja baada ya nyingine ikiuliza zinawahudumiaje wanawake na wanaume. Mojawapo ya mambo yaliyochunguzwa ni taa za barabarani. Mhandisi anayepanga taa hawazi kwamba anashughulika na jambo la wanawake, mpaka aulizwe nani anatembea kwa miguu pale saa nne usiku akitoka kazini.

Tume yenu huenda haina mamlaka kama iliyopewa ile ya San Francisco, lakini swali lake haliombi kibali. Ulizeni kila idara inayokuja mbele yenu: hesabu zenu mnazitenganisha kwa jinsia? Katika zabuni mlizotoa, ngapi zimekwenda kwa kampuni za wanawake? Walioomba kazi za zimamoto ni nani, na wanaachwa kwenye hatua gani? Mara nyingi jibu la kwanza litakuwa kwamba hesabu hizo hazipo. Basi shauri lenu la kwanza ni kwamba zianze kuwekwa. Halisisimui mtu, halitawaingiza kwenye gazeti, na kwa maoni yangu ndilo lenye faida kuliko yote, maana kila shauri la baadaye litasimama juu yake.

Kuna jambo linalowanasa wapya bila kukusudia: sheria za mikutano ya wazi. California, kwa mfano, imekuwa na sheria hiyo kwa serikali za mitaa tangu 1953, na inazibana hata tume za ushauri tu. Ajenda ya kikao cha kawaida inabandikwa saa 72 kabla, na wajumbe wanaofikia wingi, yaani zaidi ya nusu, hawaruhusiwi kuijadili kazi ya tume nje ya kikao. Kundi la WhatsApp la wajumbe, lile mtu analolifungua kwa nia njema usiku wa siku ya kuapishwa, linaweza kuwa uvunjaji wa sheria. Hata kupashana mmoja mmoja: wewe unamweleza fulani, fulani anamweleza mwenzake, mpaka wingi umekubaliana. Hilo nalo ni kikao cha siri. Majimbo mengine yana kanuni zao, kwa hiyo mwulize mwanasheria wa kaunti mapema. Na barua pepe? Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya California iliamua kwamba ujumbe wa kazi ya umma ni kumbukumbu ya umma hata ukiwa kwenye akaunti yako binafsi. Andika kila ujumbe ukijua utasomwa na mtu usiyemtarajia.

Jambo hilo lina upande mzito zaidi. Watakuja wanawake wenye shida zao: aliyefukuzwa kazi akiwa mjamzito, anayefuatwafuatwa na mume waliyeachana, anayegombea watoto mahakamani. Watakuja kwa sababu jina la tume linawapa tumaini. Mwanamke akisimama kwenye kikao cha wazi akaeleza habari zake, anarekodiwa, na yule anayemkimbia anaweza kuzisikiliza. Mwenyekiti aliye mwangalifu humwambia hivyo kabla hajaanza. Sehemu nyingine si lazima kutoa anwani, wala hata jina, ili kuruhusiwa kusema. Wewe usiibebe kesi yake. Si kwamba huna huruma. Huna mafunzo, huna usiri wa kisheria, na ukimwahidi halafu ukashindwa umemwongezea mzigo. Uwe na orodha ya wanaoweza: wakili wa msaada wa kisheria, namba 211 ya kuelekezwa kwenye huduma za jamii, kituo cha waliopigwa. Kisha jiulize swali la tume: kwa nini huyu alizunguka ofisi nne kabla ya kufika hapa? Jibu la swali hilo ndilo linaloandikwa kwenye ukurasa wenu mmoja, bila jina lake.

Akidi. Tume ya watu 15 inahitaji 8 ukumbini, na viti vitatu vikiwa wazi bado ni 8, pale ambapo sheria ndogo inahesabu viti vyote. Wakifika saba, mnaagana. Mgeni aliyealikwa kutoka idara fulani amepoteza jioni yake na hatarudi haraka. Kama huwezi kufika, sema siku tatu kabla, si saa tatu.

Mtunze ofisa wa serikali aliyepangiwa kuihudumia tume. Kwa kawaida ana kazi nyingine nyingi na ninyi ni nyongeza. Anajua nani anaandika ajenda ya madiwani, karatasi hufa mezani kwa nani, na diwani yupi alilelewa na mama aliyekuwa muuguzi wa usiku. Ukimtumia kama tarishi atakupa huduma ya tarishi.

Tuje kwenye mipaka ya kusema. Utakapopewa nafasi na mwandishi wa habari, wewe si sauti ya tume mpaka tume ipige kura. Una haki zako zote za raia: kuandamana, kumpigia kampeni unayemtaka, kuandika unachoamini. Ila fanya hivyo kwa jina lako, bila cheo. Wanaoona mpaka huo ni woga ningewakumbusha yaliyotokea Washington Juni 1966. Rais John F. Kennedy alikuwa ameunda tume ya taifa ya hali ya wanawake Desemba 1961, ikiongozwa na Eleanor Roosevelt hadi alipofariki 1962. Majimbo yakafuata na tume zao, Michigan ikitangulia mwaka huohuo wa 1962. Tume hizo zilipokutana kwa mkutano wao wa tatu wa kitaifa, baadhi ya wajumbe walitaka kupitisha azimio la kuidai serikali itekeleze sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Wakaambiwa mkutano hauna mamlaka ya kupitisha maazimio. Hawakupoteza muda kubishana. Palepale, wakiwa na mwandishi Betty Friedan, wakaanza kuunda chama cha nje ya serikali, National Organization for Women, kinachojulikana kwa kifupi NOW, na kikaenda kudai kile ambacho tume hazikuweza. Tume hazikufa kwa hilo. Zilibaki ndani, chama kikawa nje, na kila upande ulihitaji taarifa za mwenzake. Kwa hiyo jambo likikwama kwenu, mara nyingine la kufanya ni kumpa karatasi yenu ya wazi mtu aliye nje anayeruhusiwa kupiga kelele.

Angalia pia nani hayumo. Kazi isiyolipwa, inayofanyika saa sita mchana Jumatano, huwapata wastaafu, mawakili na wake wa wenye nafasi. Mfanyakazi wa usafi wa hoteli hawezi. Kubadili saa ya kikao, kulipia nauli na kuweka mkalimani ni mambo ambayo tume yenyewe inaweza kuyaomba, tena kwa gharama ndogo. Na kama wewe ni mhamiaji, jiandae: utageukiwa kila neno "wahamiaji" linapotajwa, kana kwamba uliwahoji wote. Mimi hujibu ninachokijua, kisha nataja watu wa kualikwa kikao kijacho. Halafu naomba kukaa kwenye kamati ndogo ya bajeti, ambako hawakunitarajia.

Muda wako ukikaribia kwisha, usingoje siku ya mwisho. Uteuzi wa mrithi huweza kuchukua miezi, na kiti kitupu kinaila akidi. Mtaarifu diwani aliyekuteua mapema, mpendekezee majina mawili, na umwachie katibu faili moja: kila shauri mlilotuma, tarehe lilipotumwa, kwa nani, na lilijibiwa nini. Yale yasiyojibiwa yaweke juu kabisa.