Damu haipendi barafu: kwa anayeanza utafiti wa kinga Moshi

Kabla sijarudi chuo kusoma kinga ya mwili, nilifanya kazi kliniki ya mama na mtoto, miaka minne ya kubeba chanjo kwenye kisanduku cha barafu. Nyuzi 2 hadi 8, hata usingizini nazitaja. Basi siku ya kwanza ya utafiti wangu wa kifua kikuu, kule Siha, nikachukua damu ya watu sita kwenye mirija ya heparini (dawa inayozuia damu isigande), nikaizika kwenye barafu, nikashuka Moshi kifua mbele.

Maabara nikaitandaza juu ya fikoli, kimiminika kizito cha kutenganishia seli za damu, nikazungusha kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi. Pale katikati, panapotakiwa kutokea utando mweupe wa seli za kinga, nikakuta ukungu wenye wekundu. Seli hizo zinataka joto la kawaida la chumba, na uzitenganishe ndani ya muda wa saa nane hivi tangu damu itolewe. Na breki ya sentrifuji izime, isije ikavuruga utando. (Hiyo nayo niliijua kwa hasara, tuiache.) Kwa hiyo hesabu muda wako kurudi nyuma, kuanzia maabara inapofungwa, na usitegemee daladala ya Sanya Juu inayosubiri ijae.

Kosa la barafu lilikuwa dogo. Kazi ilikuwa kurudi kuomba damu tena, baada ya kusubiri kibali cha kamati ya maadili. Mzee mmoja, ambaye wanawe wawili walishaugua, akaniuliza, "Ile ya kwanza mmeipeleka wapi?" Nikaanza kumweleza habari za seli T, aina mojawapo ya hizo seli za kinga. Akavaa kofia yake.

Muuguzi wa pale akaniokoa. "Shikamoo baba. Huyu kijana aliiharibu. Anatafuta kwa nini umelala nyumba moja na wagonjwa na wewe hukuugua." Mzee akakaa. Swali ni hilo hasa: inakadiriwa robo ya watu duniani wameambukizwa bakteria wa kifua kikuu, na wengi wao hawaugui. Nikamwambia ni vijiko sita vya chai. Ukitaja mililita 30, mtu anasikia ndoo.

Akakunja mkono wa shati, kisha akauliza majibu yake yatatoka lini. Ya makohozi atapewa. Ya seli hayatoki, ni ya utafiti tu, na nilikuwa sijamwambia. Siku hizi naanza na hilo, kabla sijafungua sindano.