Kwa vijana wapya wa ziwani: semeni kaskazini au kusini

Juzi kijana mmoja wa zamu hapa kwetu, upande wa Uganda, alipata habari kwamba pande kubwa la mafunjo limekatika ufukweni na linaelea kuelekea njia ya meli za Port Bell, bandari ya Kampala. Akafungua kompyuta, akaanza barua: "Kwa mujibu wa Itifaki ya Maendeleo Endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ya 2003..." Barua ikapita kwa mkuu wa kitengo, ikangoja muhuri, ikangoja gari. Upepo haukungoja. Barua ilikuwa nzuri, sikatai, hata mkato haukukosekana. Ilipowafikia wenzetu wa Mwanza na Kisumu, yale mafunjo yalikuwa yameshakwenda zake.

Sikumgombeza sana, maana mwaka jana mwingine alifanya vilevile, na kabla yake mwingine. Basi ngoja niandike namna ya kuzungumza na majirani zetu wa ziwani, angalau nisiwe narudia kwa mdomo.

1. Simu kwanza, redio kwanza, barua baadaye. Barua ni ya wakaguzi na ya kumbukumbu. Aprili 2020 kisiwa cha kuelea kilifika kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, Jinja, na nchi nzima ikaingia gizani. Hicho hakikuwa na muda wa kusoma itifaki. Mikataba tunayo, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, inafanya kazi yake. Lakini saa nane za usiku ushirikiano wa nchi tatu ni wewe na mtu mmoja aliye macho upande wa pili, basi.

2. Salimia. Nyinyi vijana wa Kampala mnapiga simu Mwanza mkianza na "nataka". Kule mtu mzima anapewa shikamoo yake, anaulizwa za kazi, ndipo mnazungumza. Sekunde kumi tu. Wa Kisumu hana shida, mwambie tatizo moja kwa moja, atakutania mwishoni.

3. Sema kaskazini au kusini. Hapa nitakaa, kwa sababu kosa hili ni langu na bado linaniuma.

Ulikuwa usiku wa upepo. Boti la mbao lililopakia mkaa na watu lilizima injini mashariki mwa kisiwa cha Buvuma, likaanza kuchukuliwa na mawimbi. Mwenye boti akampigia ndugu yake, ndugu akatupigia sisi, akanisomea namba alizopewa za mahali boti lilipo. Chombo kilichokuwa majini jirani ni meli ya mizigo iliyotoka Mwanza. Nikapiga Mwanza ili wao waitafute meli yao redioni. Nikasoma kwa sauti ya mtu anayejua kazi: sufuri, moja mbili, tatu tatu, mbili nane, yaani nyuzi 0 dakika 12, nyuzi 33 dakika 28. Mwenzangu akarudia vizuri. Nikasema sawa. Nikamimina chai.

Herufi ya kaskazini au kusini sikuitaja. Kwangu mimi ilikuwa wazi mno: Port Bell iko kaskazini mwa ikweta, Jinja iko kaskazini, Buvuma iko kaskazini. Lakini mpaka wetu na Tanzania ndani ya ziwa ni mstari wa nyuzi 1 kusini. Maji yote ya yule mwenzangu, kutoka mpakani hadi gatini kwake, ni kusini. Kwake kusini haina haja ya kutajwa, kama ambavyo kwangu kaskazini haikuwa na haja. Kila mmoja alijaza pengo kwa mazoea ya nyumbani kwake, na sote tulikuwa na uhakika.

Dakika hizi ni za ramani, si za saa: 60 ni nyuzi moja, na kila moja kwenda kaskazini au kusini ni maili moja ya majini. Dakika 12 kusini badala ya dakika 12 kaskazini ni tofauti ya maili 24 za majini. Kwa meli ya mizigo inayokwenda maili 10 kwa saa, hizo ni zaidi ya saa mbili, na hapo ni baada ya kuacha njia yake. Simu ilipolia nilidhani ni habari njema. Alikuwa nahodha mwenyewe, mzee, wala hakupaza sauti: "Mwanangu, tumefika. Hapa kuna maji na sisi tu. Watu wako wako wapi?"

Watu wangu waliokolewa na wavuvi wa mukene, yaani dagaa, waliokuwa na taa zao karibu na Buvuma. Hawakuwa na ramani wala namba. Walisikia makelele, wakafuata, wakalivuta boti hadi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Hakuna aliyekufa, na kwa hilo nashukuru hadi leo. Ila mafuta ya ile meli sisi hatukuyalipa. Na siku nyingine nilipoomba msaada, Mwanza waliniuliza kila kitu mara mbili, kwa adabu kubwa sana, adabu ile anayopewa mtu asiyeaminiwa tena. Kuirudisha imani hiyo kulichukua muda mrefu kuliko kuandika itifaki yoyote.

Msidhani ni la Buvuma tu. Kampala iko kama dakika 19 kaskazini mwa ikweta, Kalangala, kule visiwa vya Ssese, kama dakika 19 kusini. Ukisahau herufi, mgonjwa wa Kalangala unamtafutia boti magharibi mwa Kampala, nchi kavu, katikati ya migomba. Na 0.30 ya nyuzi si dakika 30, ni dakika 18. Ulizeni simu yenu inaonyesha ipi kabla ya kusoma.

4. Kipimo si kina. Nimesikia mtu akimwambia nahodha kwamba ziwa lina kina cha mita 13. Kipimo cha maji cha Jinja kinasoma urefu wa maji juu ya sufuri ya kipimo chenyewe, si kutoka sakafu ya ziwa. Mwaka 2006 kilishuka hadi karibu mita 10.5, Mei 2020 kilipita 13.4. Hiyo ni tofauti ya karibu mita tatu kwenye gati lilelile na mwamba uleule: mwaka mmoja mwamba unauona kwa macho, mwaka mwingine unauona kwa sauti. Ukimpa jirani namba ya maji, mpe na jina la kipimo.

5. Saa andika kwa tarakimu nne. Namba taja moja moja. Ukipelekwa Ziwa Albert, Kiswahili cha wenzetu wa upande wa Kongo kitakubeba, lakini wengi wanahesabu kwa Kifaransa, kwa hiyo rudieni namba hadi mchoke.

6. Usitafute ushirikiano ng'ambo tu. Mei 2005 meli za Kabalega na Kaawa ziligongana ziwani, Kabalega ikazama. Zote mbili zilikuwa za Uganda. Hapakuhitajika mpaka wowote. Mjue mtu wa bandari, mtu wa polisi wa majini, kiongozi wa wavuvi wa kila mwalo kwenye eneo lako. Huyu wa mwisho mnamdharau kwa sababu anakuja ofisini na ndala, na ndiye atakayejua boti limezama kabla ya setilaiti yoyote. Nunueni soda, kaeni naye.

7. Orodha ya simu. Watu wanahamishwa, wanastaafu, wanabadilisha laini. Kila mwanzo wa mwezi piga namba zote, Mwanza, Kisumu, Bukoba, Musoma, hata kama huna la kusema. Sema unajaribu laini, uliza mvua. Nakala iko droo ya pili, chini ya betri za redio. Atakayeichukua kwenda nayo kantini nitamjua, maana ya zamani ilirudi na mchuzi juu ya namba za Musoma.