Maswali na Majibu: «My Favorite Things», kutoka Jukwaa la Broadway hadi kwa John Coltrane

Swali: Nimeuzoea wimbo huu katika filamu, pale mlezi anapowatuliza watoto wanaoogopa radi. Je, ulitungwa kwa ajili ya tukio hilo?

Hapana. Richard Rodgers aliyetunga muziki, na Oscar Hammerstein aliyeandika maneno, waliuweka wimbo huu katika tamthilia ya muziki «The Sound of Music», iliyofunguliwa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, mwezi Novemba 1959. Jukwaani, Maria, yule mlezi, anauimba akiwa bado katika nyumba ya watawa, pamoja na mkuu wa watawa, kabla hajawaona watoto hao. Tukio la radi lilikuwa na wimbo mwingine. Ni filamu ya tamthilia hiyo, ya mwaka 1965, iliyouhamishia wimbo huu chumbani, kwenye tukio la radi. Kwa hiyo John Coltrane, mpigaji saksafoni wa jazi wa Marekani, alipourekodi tarehe 21 Oktoba 1960, filamu ilikuwa bado haijatengenezwa, na wimbo wenyewe ulikuwa haujatimiza hata mwaka mmoja tangu usikike Broadway. Hammerstein alikuwa amefariki miezi miwili kabla.

Swali: Coltrane aliubadilisha vipi hasa? Mimi nasikia sauti ileile ikirudiwa kwa karibu dakika 14.

Sikio lako halijakosea, ingawa nisingeliita jambo hilo upungufu. Wimbo wa Rodgers una mapigo matatu kama dansi ya waltz, na kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hubadilika upesi zikimsukuma mwimbaji kuelekea mwisho. Wanamuziki wengi wa jazi wa kizazi cha Coltrane walipochukua wimbo wa Broadway walifanya kinyume cha alivyofanya yeye: waliacha sauti ya wimbo, yaani mfuatano wa noti anaouimba mwimbaji, baada ya mzunguko wa kwanza, wakabaki na kodi na kubuni muziki mpya papo hapo juu yake. Coltrane aliirudia sauti ya wimbo mara kwa mara, lakini sehemu za kubuni akazinyoosha juu ya kodi chache ambazo McCoy Tyner anazizungusha kwenye piano, kwanza katika ngazi ya noti iitwayo maina, yenye uzito, kisha katika ile iitwayo meja, iliyo angavu, huku besi ya Steve Davis ikishikilia chini. Mpigaji hana haja ya kukimbizana na kodi, naye anapata nafasi ya kukaa juu ya wazo moja hadi aridhike nalo.

Kuna pia kilichoahirishwa. Sehemu ya mwisho ya wimbo wa asili, ambapo maneno yanataja mambo yanayoumiza kabla ya kuleta faraja, haisikiki katika mizunguko ya mwanzo. Coltrane anaichelewesha hadi anapokaribia kumaliza. Nayo dramu ya Elvin Jones hairuhusu mapigo matatu yabaki kuwa dansi ya ukumbini, kwa kuwa mikono na miguu yake inagawanya pigo kwa namna tofauti kwa wakati mmoja. Kwa maoni yangu, anayemsikiliza Coltrane peke yake katika rekodi hii amesikia nusu tu. Ajaribu mara moja kumfuata Jones tangu mwanzo hadi mwisho.

Swali: Sisi wa Mombasa tunasikia zumari humo. Ni zumari kweli?

Ni saksafoni ya soprano, ndogo na iliyonyooka, ambayo wakati ule wapigaji wachache wa jazi walikuwa wakiishughulikia. Sidney Bechet alikuwa ameipa umaarufu miongo kadhaa kabla, na Steve Lacy alikuwa akiipiga katika miaka ya hamsini. Ulinganisho wenu una msingi, kwa kuwa Coltrane anaikaza sauti hadi inatokea puani, jambo ambalo sikio la pwani linalifahamu kutoka katika harusi na ngoma.

Swali: Mtunzi hulipwa anapochukuliwa wimbo wake namna hii?

Ndiyo. Sheria ya Marekani inamruhusu mwanamuziki kurekodi wimbo ambao tayari umerekodiwa na kutolewa, mradi amlipe mwenye haki kwa kila nakala; ubunifu wa Coltrane haukumfanya kuwa mtunzi wa wimbo. Mwaka 2019, Ariana Grande alipojenga wimbo wake «7 rings» juu ya sauti ya wimbo huu, iliripotiwa kwamba asilimia 90 ya mapato ya utunzi ilikwenda kwa wenye haki za Rodgers na Hammerstein.

Swali: Kwa nini hupigwa wakati wa Krismasi?

Tamthilia haina Krismasi ndani ya wimbo huu. Orodha yake ya vitu vya kupendeza ina vifurushi na theluji, ikawatosha waimbaji. Jack Jones aliuweka katika albamu yake ya Krismasi mwaka 1964.

Swali: Nianze na rekodi ipi?

Anza na ile ya 1960, iliyo katika albamu yenye jina la wimbo, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Atlantic mwaka 1961. Kisha nenda kwenye rekodi ya tamasha la jazi la Newport, Marekani, ya 1963, ambako Roy Haynes anashika dramu kwa wepesi usio wa Jones. Rekodi ya Tokyo ya Julai 1966 inakaribia saa nzima na haimfai mgeni. Ile ya Aprili 1967, iliyopigwa Harlem katika kituo cha utamaduni cha Babatunde Olatunji, mpiga ngoma kutoka Nigeria, ilifanyika chini ya miezi mitatu kabla ya Coltrane kufariki; ubora wake wa sauti ni hafifu mno, na sauti ya wimbo wa Rodgers inajitokeza kwa vipande tu, kwa hiyo isikilize baada ya kuikariri ile ya kwanza.