Kidonda cha upasuaji wa puru kinanuka: acheni kumwagia unga wa kapsuli

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66 na ana kisukari. Alipigwa mionzi Ocean Road, kisha akapasuliwa saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Njia ya haja imeondolewa ikashonwa, sasa ana mfuko wa choo tumboni. Leo ni siku ya 11, mshono wa chini unatoa majimaji yenye harufu. Muuza duka la dawa hapa Mbagala anasema nimwagie unga wa kapsuli za antibayotiki pakauke. Jirani anasema asile mayai wala samaki, atatunga usaha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Usimwagie kitu. Mpime sukari, kisha mrudishe leo hii kwa waliompasua, msingoje tarehe ya kliniki. Majimaji mepesi yenye wekundu kidogo hutoka siku za mwanzo. Yakinuka, ni jambo jingine.

Mshono huo ndio mgumu kupona kuliko wote. Puru ikitolewa, ndani ya nyonga linabaki pango, na damu na majimaji hutuama humo. Mionzi nayo imeharibu vishipa vidogo, kwa hiyo damu inayofika pale ni haba, na mgonjwa anapakalia. Sukari ikipanda juu ya 10 (mmol/L) kwenye kipimo, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu hulegea.

Usaha ukishatunga mle, antibayotiki haipenyi vizuri. Lazima pafunguliwe, usaha utoke, pasafishwe. Na huo unga, ambao naukuta kwenye vidonda kila mara, hauponyi. Unashikana na majimaji unakuwa gamba. Juu mnaona pamekauka mnafurahi, chini usaha unatafuta njia. Tukichukua sampuli, maabara inaweza isioteshe kijidudu kwa sababu dawa imeshamwagwa juu, basi tunabaki kubahatisha dawa ya kumpa. Anayeuza kapsuli za kumwagia kidonda asichokijua anamuumiza mgonjwa.

Antibayotiki inayokinga mshono ni sindano inayotolewa ndani ya saa moja kabla ya kisu, na kurudiwa upasuaji ukirefuka. Kuiendeleza zaidi ya saa 24 "kwa usalama" hakupunguzi maambukizi. Kunazalisha vijidudu sugu na kunaweza kuleta kuhara kubaya, tena kwa mtu mwenye mfuko.

Wenye mgonjwa anayesubiri upasuaji, hapo ndipo pa kuhangaika. Sukari ishushwe mapema. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Aliyekonda, albumini (protini ya kwenye damu) ikiwa chini ya gramu 35 kwa lita, alishwe kwanza. Nywele zisinyolewe kwa wembe nyumbani, maana mikwaruzo ni mlango wa vijidudu. Zikibidi kuondolewa, hospitali watatumia mashine. Upasuaji mrefu, kuongezewa damu na choo kumwagika ndani navyo huongeza hatari, lakini hivyo vimo mikononi mwa timu.

Jirani apuuzwe kabisa. Nyama mpya ya kidonda hujengwa kwa protini: mayai, dagaa, samaki, maharage. Kama figo ni nzima, alenge gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6 tu. Kumnyima ni kukichelewesha kidonda.

Asikae muda mrefu, alale ubavu, na asikalie mpira wenye tundu katikati, unavuta kingo za mshono. Akipata homa ya 38, au upepo au choo kikitokea kwenye mshono, nendeni usiku huohuo. Mshono wa tumbo ukimwaga ghafla maji mengi ya pinki, ufunikeni kwa kitambaa safi kilicholowa maji ya chumvi ya dripu, alale chali, iteni gari.