Barua kwa mwanangu: deni la binamu yako

Mwanangu Kioko,

Umeniuliza kama ni lazima ulipe deni la binamu yako, kwa sababu kampuni iliyomkopesha kwa simu inakupigia kila siku ikidai wewe ndiye mdhamini wake. Ujumbe ulionitumia, wa kukutisha na CRB (taasisi inayoweka kumbukumbu za wakopaji na madeni yao), nimeusoma: "Mwambie ndugu yako alipe leo kabla ya saa nane, la sivyo jina lako linaenda CRB na polisi watakufuata kazini." Jibu langu ni hapana. Usilipe, na usikubali kwenye simu kwamba utalipa.

Mdhamini haokotwi kwenye orodha ya namba za simu. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, inasema huwezi kushtakiwa kwa deni la mtu mwingine ila kuwe na maandishi yenye saini yako, au ya mtu uliyempa idhini akutilie. Mimi nimedhamini watu kwenye sacco, unajua. Pale nilijaza fomu, nikaandika namba ya kitambulisho na kiasi ninachobeba, nikatia saini, na akiba yangu ikashikwa mpaka mkopo ulipoisha. Mkopaji akikwama huko, wanakuja kwangu na wana haki. Wewe hukutia saini popote. Ama binamu yako aliandika namba yako alipoulizwa watu wake wa karibu, ama apu ilijichotea orodha yote ya simu yake alipobonyeza "ruhusu" bila kusoma, kama wafanyavyo wengi.

Wakipiga tena, usigombane nao. Sema tu, "Naomba nakala ya fomu yenye saini yangu," kisha uliza jina la kampuni na jina la anayeongea. Wengi hapo hukata simu. Usiwaambie binamu yako anafanya kazi wapi wala amehamia wapi, hilo si jukumu lako. Na usitume hata mia tano ya kuwatuliza. Wakishajua mfuko wako unafunguka hawatakuachia, na pesa ikienda kwa namba ya mtu binafsi huenda deni lenyewe lisipungue hata shilingi.

Hayo ya CRB yasikukoseshe usingizi. Kampuni hupeleka huko taarifa za mteja wake, na wewe si mteja wao. Polisi nao hawakusanyi madeni. Mtu asipolipa mkopo, kesi hiyo ni ya madai, na isiyozidi shilingi 1,000,000 inaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo. Wakienda huko watamshtaki aliyekopa.

Tena wao ndio wenye makosa. Kanuni za Benki Kuu za Machi 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kutumia vitisho na matusi wanapodai pesa, na kuchukua namba kwenye simu ya mteja ili wawasumbue jamaa zake akichelewa kulipa. Juu ya hizo kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Namba yako ni data yako, na sheria hiyo inakupa haki ya kujua waliipata wapi, kuwapinga wasiitumie na kudai waifute. Waandikie hayo kwa barua pepe, mistari mitatu inatosha.

Wasipokoma, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Unaweza kujaza fomu kwenye tovuti yao, na wanatakiwa kuchunguza na kumaliza ndani ya siku 90. Usidhani ni ofisi ya kupokea barua tu: mwaka 2023 ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kosa la aina hii hii, na sheria inairuhusu kufika hadi 5,000,000. Ukiwa umepata hasara au usumbufu, unaweza kudai fidia pia. Kwa hiyo usifute kitu. Hifadhi kila ujumbe, piga picha ya skrini ionyeshe namba na saa, na andika zile simu zilizoingia ukiwa kazini.

Binamu yako anadaiwa kweli, hilo sitalifunika. Nimemwambia awapigie mwenyewe aombe kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yawe kwa maandishi. Ukitaka kumsaidia, msaidie kama ndugu, kwa kiasi unachoweza: lipa kwenye paybill ya kampuni (namba yake ya kupokea malipo kwa simu) kwa namba ya akaunti ya mkopo wake, na uweke ile risiti. Lakini iwe kwa hiari yako, wiki nyingine, si saa nane ya leo kwa kutishwa.

Shangazi yako naye wamempigia, tena kwa matusi ambayo sitayaandika hapa. Ana haki ya kulalamika kivyake, kwa kuwa namba iliyotumiwa ni yake. Kuandika hapendi, lakini sheria inapokea hata malalamiko ya mdomo, na Ofisi ya Kamishna ndiyo inayoyaandika. Nitakwenda naye. Nitumie zile picha za skrini kabla hatujaondoka, nione kama namba iliyompigia ndiyo hiyo hiyo.

Mamako